Maji yamefunika barabara, radi inapiga, na watoto wako siti ya nyuma

Swali lilivyokuja, nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo mtaalamu. Juzi nilitoka kuchukua watoto shule mvua kubwa yenye radi ikatukuta njiani. Mbele kuna kalavati, maji yalikuwa yanapita juu ya barabara. Nikataka tushuke tukakae chini ya mti mkubwa uliopo upande wa juu mpaka itulie, ila foleni nyuma inapiga honi na kaka mmoja akanifuata dirishani akasema vuka tu sista, maji ya magotini hayo, gari halina shida. Nikavuka. Tulifika salama lakini tangu siku hiyo silali vizuri. Je, nilifanya sawa? Na nyumba yetu iko bondeni karibu na korongo, mvua kama ile ikija usiku tufanyeje, tujifungie ndani kwa sababu ya radi au tutoke? Alafu mwanangu mkubwa, ana miaka tisa, sasa hivi akisikia ngurumo tu anatetemeka."

Marahaba binti yangu, na poleni sana. Swali lako nimelisoma mara mbili na naona humo ndani kuna maswali kama manne, ntayajibu yote ila sio kwa mpangilio wako. Mi miaka mingi nilikuwa kwenye utabiri wa hali ya hewa, baadaye nikahamia kufundisha vikosi vya uokoaji, kwa hiyo nimeyaona mawingu yakiwa juu na nimeona pia yanachowafanyia watu yakishashuka chini.

Jibu la "nilifanya sawa" ni hapana. Ulibahatika. Sikulaumu, honi zile zinamchanganya mtu yeyote, ila ukitoka kwenye hili ukiamini kwamba yule kaka alikushauri vizuri, siku nyingine utavuka tena, na mimi hiyo siku nyingine ndo naiogopa.

Hilo neno "maji ya magotini" silipendi kabisa. Goti la mtu mzima liko kama sentimita 45 mpaka 50 kutoka chini. Sasa chukua gari lako dogo, sakafu yake iko sentimita 15 mpaka 20 hivi juu ya lami, urefu wake tuseme mita 4, upana mita 1.7, ukizidisha unapata karibu mita 7 za mraba. Maji yakipanda sentimita 10 tu juu ya sakafu yanaanza kulinyanyua gari kwa nguvu ya kilo zaidi ya 500, hapo nimeshapunguza maana gari sio boksi kamili. Yakifika sentimita 20 juu ya sakafu gari la kilo 1,100 linakuwa halina uzito tena, matairi yanagusa lami lakini hayaishiki, ni kama boti imeegeshwa. Na bado goti halijafika! Maji yanaingia ndani ndio, lakini yanaingia polepole kuliko yanavyopanda nje, kwa hiyo usitegemee eti yataingia yalipe gari uzito. Ndo maana sisi tunafundisha namba tatu na wala hatuzibadilishi: sentimita 15 za maji yanayokimbia zinatosha kumwangusha mtu mzima, 30 zinaweza kubeba gari dogo, 60 zinaondoka na magari mengi hata yale makubwa ya juu ambayo wenye nayo wanajiona wamenunua meli. Na mkondo ukiongezeka kasi mara mbili nguvu yake ya kusukuma haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, kwa hiyo jicho lako linaona maji "yameongezeka kidogo" kumbe msukumo umeshakuwa kitu kingine kabisa.

Lakini nikwambie ukweli, kina sio kinachonitisha zaidi. Kinachonitisha ni kwamba hujui chini ya hayo maji kama barabara bado ipo.

Kuna asubuhi moja tulikuwa na vijana wa mafunzo kwenye kalavati fulani, mvua ilishakatika tangu usiku, maji yanapita juu kama kiganja na nusu hivi, ya rangi ya udongo, yametulia hata mawimbi hayana. Kijana mmoja akasema mkuu hapa mbona panapitika. Nikamfunga kamba nikampa mti mrefu nikamwambia simama hapohapo pakavu, piga mbele yako kidogokidogo. Pigo la kwanza lami, ko. La pili, ko. La tatu mti ukazama wote mpaka mkono wake ukalowa kwenye kiwiko na akayumba, bila ile kamba angefuata. Jioni maji yalipoisha tukaona vizuri: lami imebaki juu kama ulimi, unene wa sentimita chache, chini yake udongo wote umekombwa. Yule kijana alikaa kimya njia nzima kurudi.

Kwa hiyo siku nyingine ukifika pale ukakuta huoni lami, simama mbali, sio kwenye ukingo, na uache nafasi mbele yako ya kuweza kugeuza, hiyo ni tabia ya kujijengea hata kama foleni inakukera. Washa taa za tahadhari, geuza, rudi mpaka sehemu ya mwinuko, egesha, subirini ndani ya gari. Honi waache wapige. Akija mtu dirishani kukwambia vuka, mwambie atangulie yeye, na akitangulia akavuka salama bado usimfuate, maana kila gari linalopita linazidi kulegeza hicho kilichobaki chini. Usiku ndo balaa zaidi kwa sababu taa zinamulika juu ya maji na maji yanang'aa kama lami iliyolowa tu, watu wengi wanajikuta wameshaingia kabla ya kujua wameingia. Nchi zinazoweka hesabu nzuri, Marekani kwa mfano, zaidi ya nusu ya wanaozama kwenye mafuriko ya ghafla walikuwa ndani ya magari. Walikuwa njiani kwenda mahali, basi, hakuna aliyekuwa anafanya ujinga wa ajabu.

Na ikitokea gari limeshaingia na linaelea? Hapa una kama dakika moja, pengine pungufu, na mpangilio ni huu: mikanda, madirisha, watoto, wewe. Fungua mikanda, shusha vioo palepale wakati umeme wa gari bado unafanya kazi, watoto wapite dirishani kwanza, aliye mkubwa ajifungue mwenyewe ili mikono yako ibaki kwa mdogo, alafu wewe ufuate. Usipige simu kwanza, simu utapiga ukiwa juu ya paa. Usifungue mlango, maji yakishabana mlango hutausukuma, na ukifanikiwa kuufungua gari linajaa mara moja. Yale maneno kwamba subiri gari lijae ndo mlango ufunguke, achana nayo kabisa, mtu anasubiri huku anavuta pumzi ya mwisho. Kioo cha mbele usihangaike nacho, kina tabaka la plastiki katikati, hakivunjiki vipande, piga cha pembeni kwenye kona. Magari mengine mapya hata vioo vya pembeni viko hivyo, kwa hiyo ulizia mapema kwa fundi wako, na kile kinyundo kidogo cha kuvunjia kioo kikae karibu na mkono wako, sio kwenye buti chini ya spea tairi. Ukishachukuliwa na maji lala chali, miguu ikitangulia unakoelekea, usijaribu kusimama mpaka maji yawe chini ya goti kwa sababu mguu ukinasa kwenye jiwe mkondo unakulaza kifudifudi. Isipokuwa ukiona mbele kuna mti umeanguka au uzio umeziba maji, hapo geuka, tanguliza kichwa na kifua, jirushe upande juu yake kwa nguvu zako zote, ukipita chini unanasa.

Haya, tuje kwenye ule mti mkubwa. Unajua pale ulikuwa na mawazo mawili, kuvuka au kushuka mkakae chini ya mti, na yote mawili yalikuwa mabaya, la tatu ulilolikalia ndo lilikuwa zuri. Gari lenyewe! Gari la bodi ya chuma lenye paa gumu, vioo vimepandishwa, ni moja ya sehemu salama kabisa radi ikipiga. Sio kwa sababu ya matairi ya mpira, hilo watu wanalirudia mpaka limekuwa kama ukweli, hebu fikiria kitu kimeruka kilomita kadhaa za hewa tupu, kitashindwaje na mpira wa sentimita chache? Ni lile bati, umeme unapita kwa nje kuzunguka bodi na kuingia ardhini, nyie mko katikati kama mko kwenye kopo. Muweke mikono mapajani, msishike milango wala redio wala waya wa chaja, basi. Pikipiki, baiskeli, bajaji ya turubai na gari la wazi hazina kinga hiyo.

Chini ya mti sasa. Watu wengi wanadhani radi inaua kwa kumpiga mtu utosini moja kwa moja, kumbe hiyo ni sehemu ndogo. Mara nyingi inapiga kitu kirefu alafu ama inaruka pembeni kumfuata aliyesimama karibu, ama inasambaa ardhini ikipanda kwa mguu mmoja na kushukia mwingine. Ndo maana wanyama wa miguu minne wanakufa wengi kwa mpigo, miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na umeme ukipita kati ya miguu hiyo unapitia moyoni. Agosti 2016 kwenye uwanda wa Hardangervidda kule Norway walikutwa kulungu wa kaskazini 323 wamelala pamoja, wamekufa kwenye radi ya siku moja. Mti ungewafanyia nyie watatu hivyohivyo. Na usiseme kibanda ni afadhali kuliko mti, rekodi ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya watu wengi zaidi kuuawa na radi moja kwa pigo la moja kwa moja ni watu 21 waliokuwa wamejibanza pamoja kwenye kibanda mashariki mwa Zimbabwe mwaka 1975, wakati huo bado inaitwa Rhodesia. Kibanda kinazuia mvua tu. Nyumba inayokinga radi ni ile ya kujengwa hasa, yenye nyaya za umeme na mabomba ukutani, kwa sababu radi ikipiga inafuata hizo nyaya na mabomba kwenda ardhini badala ya kukufuata wewe.

Na ndo maana ukiwa ndani ya nyumba hiyo ukae mbali na hizohizo nyaya na mabomba. Usioge, usioshe vyombo, usishike kitu kilichochomekwa ukutani. Simu ya mkononi itumie tu kama haiko kwenye chaja, hakuna simu inayovuta radi hilo ni uzushi, tatizo ni waya. Vifaa vichomoe mapema ukisikia ngurumo ya mbali, ikishafika juu yenu usiende tena kuchomoa maana mkono wako ndo utakuwa kwenye soketi wakati inapiga, TV inunuliwe nyingine. Usiegemee ukuta wa zege au kulala sakafuni kwenye zege, ndani yake kuna nondo. Kaeni mbali na madirisha, hii pia kwa ajili ya upepo na mvua ya mawe, wingu la radi likishusha hewa yake kwa kishindo upepo unaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa na bati la jirani likaja kama panga. Kufunika vioo vya kujitazamia hakuongezi wala hakupunguzi kitu. Na kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili, kulikuwa na askari wa hifadhi huko Marekani, Roy Sullivan, alipigwa mara saba kati ya 1942 na 1977 akapona zote, yeye huyo, sio mahali, mtu!

Umbali unapimaje? Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie mlio, gawanya kwa tatu, unapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo mtu wa kawaida anasema bado iko mbali, kumbe radi inaweza kutoka kwenye wingu ikapiga zaidi ya kilomita 15 pembeni, pengine juu yako bado kuna jua. Kwa hiyo mi nasema kama umeisikia uko ndani ya eneo lake, hesabu hiyo ni ya kujua inakuja au inaondoka tu. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri dakika 30 ndo utoke. Wengi wanapigwa mwanzoni kabla mvua haijaanza vizuri na mwishoni wakati mvua imeshakatika, kwa sababu katikati wote wako ndani.

Umekutwa nje kabisa hakuna nyumba wala gari, usichuchumae. Tulifundisha hivyo zamani, kuna michoro kibao ya mtu amechuchumaa kabana magoti, mi mwenyewe nimeichora ubaoni, baadaye ikaonekana watu wanachuchumaa mahali ambapo wangekimbia dakika tano wakafika kwenye jengo. Shuka kutoka kwenye kilele, toka uwanjani, acha mti uliosimama peke yake, toka majini, achana na uzio wa waya, na mkiwa wengi muachane mita kadhaa ili akipigwa mmoja wabaki wa kumsaidia, na muendelee kwenda. Nywele zikisimama zenyewe au ukasikia kitu kinachakacha hewani ni dalili mbaya sana, ondoka hapo hiyo sekunde.

Aliyepigwa na radi mguse. Nasema tena, mguse, hana umeme mwilini, watu wanamzunguka wanaangalia wakiogopa na huku kinachohitajika ni mikono. Karibu tisa kati ya kumi wanaopigwa wanaishi. Anayekufa mara nyingi moyo umesimama palepale, na huwa moyo unaweza kurudi wenyewe ila pumzi inachelewa kurudi, kwa hiyo ukimfanyia kazi una nafasi kubwa kuliko kwa aliyesimama moyo kwa sababu nyingine. Bonyeza katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita 5 hivi, kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kila mara 30 pumzi mbili mdomoni kama unajua kutoa, kama hujui endelea kubonyeza tu, mwingine apige simu ya dharura. Wakiwa wengi chini anza na yule anayeonekana amekufa. Anayelia na kugaagaa anapumua, atasubiri.

Sasa nyumba yenu bondeni, na hili ndo nimelingojea, maana swali lako lina kitu ambacho vipeperushi vingi havisemi. Radi na maji vinakuvuta pande mbili tofauti. Radi inasema ingia ndani tulia, usipande juu. Maji yanasema toka bondeni, panda. Mtu akisikia yote mawili saa nane usiku anaganda katikati ya sebule. Jibu langu ni kwamba vikigongana, maji ndo yanashinda. Ukitembea dakika kumi chini ya radi kwenda mlimani uwezekano wa kupigwa upo lakini ni mdogo, ila korongo likishafika kwenye ukuta wa nyumba hakuna habari ya uwezekano tena, litaingia. Tokeni. Kama gari liko upande wa mwinuko kaeni humo, kama kuna jengo imara juu nendeni huko, na kama kuna njia ya kupanda kwa miguu ya mita chache tu ni bora kuliko kilomita mbili za barabara.

Mwaka 1976, tarehe 31 Julai, dhoruba moja ilisimama juu ya bonde la mto Big Thompson kule Colorado, Marekani, ikakataa kuondoka, kama sentimita 30 za mvua zikashuka sehemu nyingine kwa saa chache tu, wakafa watu 144. Wengi walikuwa kwenye magari wakijaribu kuyakimbia maji kwa kufuata barabara ya bondeni, ileile njia ya maji, wakati pembeni yao kuna kilima wangeweza kupanda kwa miguu. Baada ya pale wakaweka vibao njia nzima vinavyowaambia watu ikija mafuriko pandeni. Havisemi endesha haraka.

Na kwa nini inakuwa haraka hivyo? Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Korongo lenu likiwa linakusanya maji ya kilomita 5 za mraba tu, mvua ya milimita 50 ni tani 250,000 za maji, na yote hayo yana mlango mmoja, huo unaopita nyuma ya jiko lenu. Ardhi ikiwa imeshalowa au imekauka ikawa ngumu kama sakafu, haimezi, yanakuja yote. Alafu hiyo mvua inaweza kunyesha huko juu nyie hapo hamna hata tone.

Kwa hiyo usingoje usiku wa mvua ndo uamue. Chagua siku ya jua, chukua watoto, mtembee kwenye korongo. Tazama takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye mawe na kuta, hapo ndo maji yameshafika, na yanaweza kupita hapo. Alafu tafuteni njia ya kwenda juu ambayo haivuki maji hata sehemu moja, hata kama ni ndefu, na muitembee na tochi usiku mmoja huku umeshika saa, dakika saba ya mchana na watoto wenye usingizi inakuwa kumi na tano. Kisha wekeni masharti ya kuondoka mkiwa na akili zenu timamu, sio wakati ule. Kwangu mimi ingekuwa: tahadhari ya mafuriko imetolewa na mamlaka ya hali ya hewa, au mvua imenyesha nusu saa kwa nguvu ya kutoona nyumba ya pili, au maji ya korongo yamebadilika rangi ghafla, yameanza kubeba matawi, au unasikia mngurumo ambao hauishi kama wa radi, radi ina mwisho, ule unaendelea tu kama lori linalopanda mlima, hayo ni mawe yanaviringika chini ya maji. Na moja watu wanaikosea sana: maji yakipungua ghafla mvua bado inanyesha, msifurahi. Huko juu kuna kitu kimeziba, na kikiachia ndo linakuja ukuta. Likitokea moja tu kati ya hayo mnatoka, hamjadiliani, na afadhali mtoke mara tano bure.

Mkichelewa maji yakawa yameshazunguka nyumba msitoke tena kwa miguu, pandeni juu kadiri nyumba inavyoruhusu mpaka kwenye paa, ila msijifungie darini pasipo na pa kutokea. Meinswichi izime kama tu unaifikia ukiwa umesimama pakavu. Mwaka 1994 mwezi Novemba kule Dronka, Misri, radi ilipiga matenki ya mafuta wakati wa mafuriko, maji yakabeba mafuta yanayowaka mpaka mjini, wakafa watu 469. Siku kama ile balaa halitangulii kusema litaingilia mlango gani, kwa hiyo jambo la kwanza ni kutokuwepo hapo.

Mkirudi, nendeni mchana. Waya ulioanguka usiusogelee, na maji yaliyotuama karibu yake yahesabu kama waya. Maji ya mafuriko yamepita vyooni, watoto wasiyachezee na mwenye kidonda asiingie pekupeku, ya kunywa chemsha mpaka yatokote dakika nzima, dakika tatu kama mko juu sana milimani zaidi ya mita 2,000. Jenereta ikae nje mbali na madirisha, kuna familia zimevuka mafuriko salama zikauawa na moshi wake usiku unaofuata.

Kuhusu mwanao wa miaka tisa, usimwambie hakuna cha kuogopa, alikuwepo pale kwenye kalavati, ameona, ukimwambia hivyo ataacha kukuamini. Mpe kazi. Mpe saa na mfundishe ile hesabu ya kugawa kwa tatu, yeye ndo awe mtunza muda wa nyumba: kila ngurumo ikipiga anaandika, na zile dakika 30 zinaanza upya. Mara ya kwanza atahesabu anatetemeka, mara ya tatu atakuwa anawatangazia kilomita. Na siku utakapotaka kutoka kuanua nguo akakwambia mama bado dakika nne, urudi ukae.